Mtu wa fasihi ana kazi gani kwenye historia ya tiba?

Swali: Shikamoo, Profesa. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari hapa Bagamoyo. Karibuni nilisoma habari za profesa mmoja wa Kiingereza huko ng'ambo ambaye kazi yake yote ameifanya kati ya vitabu vya fasihi na historia ya utabibu. Nilivutiwa mno, kwa sababu hayo mawili ndiyo ninayoyapenda. Lakini mjomba wangu, ambaye ni tabibu, anasema historia ya tiba ni ya madaktari, na mtu wa hadithi na mashairi akiingia humo ataishia kupiga soga. Naomba kujua: mtu wa fasihi anaongeza nini hasa? Na mimi niliye hapa Bagamoyo, nikitaka kuifuata njia hiyo, nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Hoja ya mjomba wako si ya kupuuza, na nitairudia. Kwanza tukubaliane jambo moja. Karibu kila tunachokijua kuhusu maradhi ya watu wa zamani kimetufikia kwa maneno: barua, shajara, ripoti ya daktari, rejesta ya misheni, wimbo, masimulizi ya bibi. Wagonjwa hao hatuwezi tena kuwapima damu. Yaliyobaki ni maandishi na masimulizi, nayo yana tabia zake. Yupo anayesema na yupo anayeambiwa. Lipo linalotangulizwa mbele na lipo linalofichwa. Mara nyingi yupo pia mhariri aliyekata sentensi kabla kitabu hakijakwenda mtamboni. Kuyatambua hayo ndiko tulikofundishwa mimi na wewe tangu siku tulipoambiwa darasani tumtofautishe mwandishi na msimulizi. Kwa hiyo kazi ya mtu wa fasihi kwenye historia ya tiba ni kukagua ushahidi wenyewe kabla mtu hajaanza kuutumia.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoufahamu uko mlangoni pako. Februari 1874 mwili wa David Livingstone uliingia Bagamoyo mabegani mwa watu, ukapokelewa na Mapadre wa Roho Mtakatifu kwenye misheni yao iliyoanzishwa mwaka 1868. Mnara wa kanisa lao la zamani unaitwa hadi leo Mnara wa Livingstone, na bila shaka umewahi kuwapeleka wanafunzi wako pale. Wageni wengi husimuliwa habari za uaminifu wa Abdullah Susi na James Chuma, watumishi wake walioongoza msafara wa kuuleta mwili, wakapiga picha, wakaondoka. Mimi nataka umtazame mtu mwingine wa msafara ule.

Livingstone alikuwa daktari. Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake wa safari waliamua kuurudisha mwili wake pwani, mwendo uliowachukua miezi tisa hivi. Moyo na matumbo vilitolewa vikazikwa palepale, na Jacob Wainwright, aliyekuwa amesomeshwa Nasik, India, akasoma sala ya maziko. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani kwa wiki mbili, ukafungwa kwa kitambaa na gome la mti. Aliyeshika kisu aliitwa Farijala. Huyu aliwahi kumtumikia daktari kule Unguja, na huko alikuwa ameona maiti inavyochunguzwa. Alipofungua mwili aliwaonyesha wenzake bonge la damu iliyoganda upande wa kushoto, ukubwa wake kama mkono wa mtu. Akawaonyesha na mapafu: yamekauka, yana mabaka meusi na meupe.

Hapo ndipo wenye taaluma ya tiba huanza kubishana juu ya kilichomuua. Mtu wa fasihi anauliza kwanza swali jingine: haya tumeyajuaje? Maneno ya Farijala hayakutufikia kwa mkono wake mwenyewe. Susi na Chuma walifika Uingereza mwaka huohuo wa 1874, wakakaa na Horace Waller, rafiki wa marehemu, aliyekuwa akizihariri shajara zake ili zichapwe. Wao wakasimulia, yeye akauliza na kuandika kwa Kiingereza. Farijala aliwaonyesha wenzake, wenzake wakamsimulia mhariri, na mhariri akayatia kwenye kitabu ambacho wasomaji wake walikuwa wakimlilia shujaa wao. Sisemi kwamba habari hizo ni za uongo. Mimi naziamini kwa sehemu kubwa. Ninachosema ni kwamba kila kituo kwenye njia hiyo kina maswali yake. Waller alitaka kusikia nini? Neno analolitumia la mabaka lilisemwaje kwanza, na nani? Kwa nini ukurasa mzima unaeleza ibada ya maziko na uaminifu wa watumishi, lakini ujuzi wa Farijala unapita kwa mistari michache tu? Mtu wa pwani yetu anafanya uchunguzi wa maiti porini mwaka 1873, anajua atazame wapi na anajua cha kuwaonyesha wenzake, halafu vitabu vya historia ya tiba vinampita. Mimi hilo linaniuma.

Ukitaka kumwonyesha mjomba wako kwamba kazi hii si soga, mwambie na habari za shajara ya 1871. Mwaka ule Livingstone alikuwa ameishiwa karatasi na wino. Akaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu, kwa wino alioutengeneza kwa matunda ya porini, akiukatiza mwandiko wake juu ya maandishi yaliyochapwa. Wino ukafifia hata kurasa hazikusomeka. Baada ya zaidi ya miaka mia moja timu ya wanasayansi na wasomi ikazipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, na mwaka 2011 maneno yakaonekana tena. Aliyeiongoza timu hiyo, Adrian Wisnicki, ni profesa wa Kiingereza. Ikaonekana pia kwamba yale Livingstone aliyoyaandika siku ya tukio, hasa kuhusu mauaji ya sokoni Nyangwe, katika Kongo ya leo, mwezi Julai 1871, hayalingani kila mahali na yale aliyoyanakili baadaye kwenye daftari lake safi, ambayo ndiyo dunia ilisoma tangu 1874. Mkusanyo wa mtandaoni ambao shajara hiyo imo, Livingstone Online, ulianzia London kwenye kituo cha historia ya tiba, kama mkusanyo wa barua zake za kitabibu na kisayansi. Baadaye ukaja mikononi mwa watu wa fasihi. Unausoma bure hata kwa simu.

Sasa kuhusu kazi yenyewe inavyokwenda huko ng'ambo. Nitakuwa mfupi hapa, maana hali zao si hali zetu. Njia hii ilianza kupata nafasi vyuoni kwenye miaka ya 1970. Mwaka 1972 msomi wa fasihi Joanne Trautmann alipewa nafasi katika chuo cha udaktari cha Penn State, Marekani, na anahesabiwa kuwa mtu wa kwanza wa fasihi kupata nafasi kama hiyo nchini humo. Mwaka 1982 likaanza jarida la kitaaluma la fasihi na tiba. Mwaka 1985 mwanahistoria wa Uingereza Roy Porter aliandika makala akiwahimiza wenzake waiandike historia ya tiba kutoka upande wa mgonjwa, si wa daktari peke yake. Profesa wa aina uliyemsoma kwa kawaida ameajiriwa na idara ya Kiingereza, anafundisha riwaya na ushairi kama wenzake wote, ila likizo zake anazimalizia kwenye nyaraka. London, kwa mfano, mkusanyo wa Wellcome, maktaba ya historia ya tiba, una madaftari ya kale ya akina mama wa nyumbani ambamo dawa ya kikohozi na namna ya kupika pudini vimeandikwa mkono mmoja, daftari moja. Anayasoma hayo, anahariri barua, anaandika kitabu, na wakati mwingine anakaa na wanafunzi wa udaktari kuwasomesha hadithi fupi ili wajifunze kumsikiliza mgonjwa mpaka amalize.

Nikae kidogo kwenye mfano mmoja wa kwao, kwa sababu unaonyesha vizuri kuliko maelezo yangu. Fanny Burney alikuwa mwandishi wa riwaya aliyejulikana sana Uingereza. Tarehe 30 Septemba 1811, akiwa Paris, alikatwa titi lililokuwa na uvimbe. Ganzi ilikuwa bado haijapatikana. Alipewa kinywaji cha mvinyo tu. Kiongozi wa wapasuaji alikuwa Larrey, daktari mashuhuri wa jeshi la Napoleon. Miezi ilipita kabla hajaweza kumwandikia dada yake Esther yaliyompata, na hata barua ilipokwisha hakuweza kuirudia kuisoma. Anaeleza wanaume saba waliovaa nguo nyeusi wakiingia chumbani kwake bila kubisha hodi. Anaeleza kitambaa walichomfunika usoni, chepesi kiasi kwamba aliona kupitia humo jinsi chuma kilivyong'aa. Upande wa madaktari nao uliacha taarifa yake, fupi, ya kikazi.

Soma hizo mbili pamoja uone. Taarifa ya madaktari inakupa uvimbe na upasuaji. Kile kitambaa hakimo, maana hakikumhusu aliyeshika kisu. Kilimhusu aliyelala chini yake. Lakini, na hapa ndipo kazi yetu inapoanza, Burney alikuwa fundi wa kusimulia. Alijua namna ya kuchelewesha tukio, namna ya kumfanya msomaji asubiri mlango ufunguke. Je, ufundi huo unapunguza ukweli wa barua? Kwa maoni yangu hapana, ila lazima uujue ili usichukue kila mpangilio wa sentensi kuwa mpangilio wa saa. Daktari anayeitumia barua hiyo kama kumbukumbu ya wodi anakosea upande mmoja, na mhakiki anayeisoma kama sura ya riwaya anakosea upande wa pili.

Hata hivyo, Mwalimu, sitafurahi ukiniletea tasnifu juu ya Burney. Wapo wengi wanaomsoma. Wa kwako ni Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Mtoro alitoka Dunda, akasoma dini kwa masheikh wa Bagamoyo. Mwaka 1900 akaenda Berlin kufundisha Kiswahili kwenye chuo cha lugha za Mashariki, na huko alifariki mwaka 1927. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapwa Göttingen mwaka 1903 kilitolewa kwa jina la Carl Velten, Mjerumani aliyewahi kuwa mkalimani wa gavana huku kwetu, lakini maneno mengi ya kitabu hicho ni ya Mtoro. Humo ameeleza mimba na uzazi, malezi, jando, ndoa, vifo, waganga, pepo na maradhi. Kwa mtu anayetafuta namna watu wa Mrima, yaani pwani yetu hii, walivyougua na kuuguzana kabla hospitali ya Kizungu haijazoeleka, sijui maandishi ya Kiswahili yenye thamani kuliko hayo. Ndiyo maana najiuliza kwa nini mwanafunzi wa fasihi anaweza kumaliza chuo bila kuyafungua hata mara moja.

Yafungue basi, lakini kwa jicho la mtu wa fasihi. Kwanza, yaliandikwa kwa ajili ya nani? Kwa Wajerumani waliokuwa wakijifunza lugha ili waje kutawala, kufanya biashara au kuhubiri. Mtu anayemweleza mtawala mambo ya pepo wa nyumbani kwao anachagua. Kuna analoliongezea maelezo kwa sababu mgeni hatalielewa, na kuna analolipita kimya kwa sababu si la kumwambia mgeni. Pili, kitabu cha desturi kinasema "mtu akiugua hufanya hivi". Mgonjwa huyo hana jina, hana umri, haogopi, hana deni kwa mganga. Kila mtu ni mtu yeyote. Umbo hilo la kusimulia limetupa mengi na limetunyima mengi, na kazi nzuri ya kitaaluma ingeonyesha hasa ni wapi limetunyima. Tatu, tafsiri. Velten alitoa Kijerumani chake mwaka huohuo wa 1903, na mwaka 1981 ilitoka tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na J.W.T. Allen. Chukua sehemu ya maradhi peke yake, weka lugha tatu sambamba, ufuatilie kila mahali mfasiri alipompa mganga wa Mtoro jina la kidharau au alipougeuza ugonjwa wa Mtoro kuwa ugonjwa wa hospitali. Hiyo ni shahada ya uzamili tayari, na hakuna mtu anayeweza kuifanya vizuri kama mtu aliyekulia Kiswahili cha huko.

Usidhani ni mambo ya kale tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kulipokuwa na mradi wa vyandarua wilayani Bagamoyo, watafiti walikaa na wazazi kuwauliza wanavyoijua homa. Wakakuta kwamba malaria ilitajwa na wengi kama homa ya kawaida, jambo la kunywa dawa na kupona. Mtoto alipoanza kukakamaa na kugeuza macho, hiyo ilikuwa hadithi nyingine kabisa, yenye chanzo kingine na tabibu mwingine. Ilikuwa degedege, mambo ya shetani, na ya mganga kwanza. Wazazi wengi waliogopa kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa, kwa hiyo hospitali ikaja mwisho, mara nyingi kwa kuchelewa. Matokeo yakachapwa mwaka 1996 katika majarida ya kimataifa. Fikiria maana yake. Daktari alikuwa na ugonjwa mmoja wenye hatua mbili, mzazi alikuwa na visa viwili visivyohusiana, na mtoto akafia katikati ya masimulizi hayo. Bango la kuhimiza chandarua dhidi ya malaria lisingemfikia mama ambaye hofu yake ilikuwa degedege. Hili ni suala la visa, la nani anaanza wapi na anamalizia wapi, nalo ni letu kama lilivyo la madaktari.

Tena hapo Bagamoyo na Korogwe ndipo ilipofanyika sehemu ya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia 2009, chanjo ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Watoto walioshiriki wengine sasa ni vijana wa umri wa wanafunzi wako. Fomu za ridhaa zilizosomwa kwa wazazi wao, maswali yaliyoulizwa kwenye mikutano ya kijiji, uvumi uliopita sokoni kuhusu damu inayochukuliwa, yote hayo ni matini. Bibi zao walisikia habari za mumiani enzi za mkoloni. Mtu mwenye sikio la fasihi anaweza kufuata jinsi kisa cha zamani kinavyokopesha umbo lake kwa hofu mpya, bila kuwadharau wanaokisimulia.

Narudi kwa mjomba wako kama nilivyoahidi. Ana haki mahali pamoja, na ni mahali pakubwa. Msomi wa fasihi asiyejua ugonjwa unavyofanya kazi ataandika mapambo. Chukua kitabu cha James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja, kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 1876. Christie alifuatilia namna ugonjwa ulivyosafiri na misafara kupitia nchi ya Wamasai, ukatokea pwani Pangani, kisha ukaingia Unguja mwaka 1869. Daktari wa Kijerumani Robert Koch alikuwa bado hajaonyesha bakteria wa kipindupindu. Hilo lilikuja miaka ya 1883 na 1884. Christie aliipata ramani hiyo kwa kukusanya habari za watu wa misafara na wamisionari, yaani kwa masimulizi. Mimi nitakuambia mengi juu ya nani alimsimulia nini na kwa Kiswahili gani. Lakini kama sijui kwamba kipindupindu kinapita kwenye maji yaliyochafuliwa, sitaelewa kwa nini visima na vituo vya kulala ndivyo vinavyobeba kisa chote, na nitavisoma kama mandhari tu. Kwa hiyo usibishane na mjomba. Keti naye, mwombe akufundishe homa, akufundishe damu, akufundishe namna anavyoandika cheti cha mgonjwa na anachokiacha anapokuwa na foleni ndefu.

Mwambie pia akusaidie kukukataza jambo moja: kumpa marehemu jina la ugonjwa kwa kusoma dalili zake kwenye shajara. Ni kishawishi kikubwa na wasomi wengi wameanguka humo. Wakati mwingine inawezekana, mara nyingi haiwezekani, na karibu kila mara inakuondoa kwenye swali bora zaidi, yaani yeye mwenyewe na waliomuuguza waliamini anaumwa nini na wakafanya nini.

Sasa uanzie wapi. Anza na lugha, kabla ya nadharia yoyote. Kiingereza unacho. Kwa Bagamoyo unahitaji Kijerumani, na Dar es Salaam unaweza kukisoma Goethe-Institut. Baadaye ujizoeze mwandiko wa mkono wa Kijerumani cha zamani, ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi mpaka wafundishwe. Ukivutiwa zaidi na misheni, chagua Kifaransa, maana mapadre wale waliandika kumbukumbu zao kwa Kifaransa. Usichukue zote mbili kwa pamoja. Kuna ya tatu iliyo karibu nawe na haina ada kubwa: Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wapo walimu wa madrasa Bagamoyo wanaoweza kukufundisha jioni. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina miswada mingi ya namna hiyo, na orodha yake ilichapwa mwaka 1970. Anayeweza kuisoma anafunguliwa chumba ambacho wasomi wengi wa tiba hawawezi kuingia.

Halafu zunguka mji kwa daftari. Nenda makaburi ya misheni usome umri wa waliolala pale; utaona vijana wengi, na utajua homa ilikuwa nini kwa vizazi vile. Ingia makumbusho yao. Tafuta habari za Sewa Haji Paroo, tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo aliyefariki 1897, aliyeuza na kukodisha vifaa kwa misafara na kutoa mali yake kwa ajili ya hospitali Bagamoyo na Dar es Salaam. Kila siku mtu Muhimbili anasema "mgonjwa wetu yuko Sewahaji" bila kujua anamtaja nani. Maisha ya mtu huyo yameandikwa vipande vipande na yanahitaji mwandishi. Nyaraka za Taifa, Upanga, zina majalada ya serikali ya Wajerumani na ya Waingereza. Nenda ukiwa na swali moja, si kumi, la sivyo utapotea kwenye orodha.

Wazee pia. Hapa tafadhali kuwa mwangalifu kuliko kawaida. Steven Feierman, mwanahistoria aliyekaa na wazee wa Usambara, vitabu vyake vya 1974 na 1990 vimejengwa juu ya mazungumzo, na kupitia hayo tukaelewa kwamba kwa Washambaa uganga ulihusu pia mvua, njaa na utawala, nchi inayoponywa na nchi inayoharibiwa. Asingekipata hicho kwa kuuliza "mlikuwa mnatumia dawa gani". Uliza kisa, acha mtu amalize. Lakini habari za ugonjwa ni siri ya mtu. Kama utawahoji watu kwa utafiti rasmi utahitaji kibali cha maadili, na taasisi ya utafiti wa magonjwa, NIMR, ndiyo inayohusika na tafiti za afya. Majina uyafiche. Majalada ya wagonjwa wa hospitali usiyaguse kwa urafiki wa mjomba, hata akikuambia hakuna neno.

Kuhusu ajira nitakuambia wazi. Sijaona tangazo la kazi hapa nchini lenye jina hili, kwa hiyo usiache ualimu. Njia inayowezekana ni kujiandikisha uzamili kwenye idara ya fasihi au ya historia, tasnifu yako ikawa ya fasihi na tiba, na msimamizi wa pili ukamwomba kutoka upande wa afya. Vyuo vya afya vinafundisha maadili ya tiba na mawasiliano na mgonjwa, na humo kuna nafasi ya mtu anayejua kusoma kisa, japo mara nyingi utaanza kwa kualikwa mhadhara mmoja mmoja. Makumbusho, miradi ya utafiti wa afya inayohitaji mtu wa kuandaa maelezo ya Kiswahili yanayoeleweka, na uchapishaji, hizo ni kazi nyingine. Fedha hazitakuwa nyingi mwanzoni. Mimi ningechagua tena kazi hii, lakini ningekushauri uwe na mshahara wako wakati unaijenga.

Kazi yako ya kwanza iwe ndogo. Tafuta mtandaoni kurasa za kitabu cha 1874, yaani shajara za Livingstone alizozihariri Waller, zinazohusu kifo kwa Chitambo, usome aya za Farijala taratibu, kwa Kiingereza. Andika pembeni kila neno ambalo haliwezi kuwa lilitoka kinywani mwake. Kisha mpe mjomba wako aya hizohizo, umwombe aandike peke yake anachokiona kama tabibu, bila kuangalia ulichoandika. Weka maelezo hayo mawili sambamba, uandike kurasa kumi juu ya mahali yanapoachana. Zikiwa tayari, nitumie. Nitazisoma kalamu ikiwa mkononi.